Kazi uliyoiacha kwenye seva: ipo, inasonga, au imeshakufa?

Saa tano usiku niliingia kwenye seva kwa ssh (njia ya kuamrisha kompyuta ya mbali), nikafungua tmux (terminali inayobaki hai hata ukijitoa), nikaanzisha skripti ya kuhamisha mafaili kutoka diski ya zamani kwenda mpya, nikaisukuma chinichini kwa alama ya `&`. Nikapiga `ps`, amri inayoorodhesha prosesi (programu zinazoendeshwa), mara moja, nikaiona imo. Nikajitoa, nikafunika laptopu, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake. Asubuhi kabla ya saa mbili nikaingia tena, nikapiga `ps` ileile, na prosesi ilikuwepo kwa namba ileile ya jana. Nikamwandikia mwenzangu kwamba mambo yanakwenda. Wapi! Diski mpya ilikuwa na mafaili kumi na mawili tu, na yote yalikuwa yameingia ndani ya dakika ya kwanza.

Niliuliza swali moja mahali panapotaka matatu. Kazi ya chinichini huulizwa: ipo? Inasonga? Na kama haipo, iliondokaje? Kila swali lina amri zake, na jibu la hili halijibu lile. Nitayafuata kwa mpangilio huo, kwa seva za Linux zinazofikiwa kwa ssh, halafu nionyeshe ninavyoanzisha kazi siku hizi ili ukaguzi wenyewe uwe wa sekunde tano.

## Hatua ya 1: Hakikisha uko unapodhani uko

Inachekesha mpaka ikukute. Umefungua terminali nne, mbili kati yake zinafanana, na unaitafuta kazi kwenye seva ambayo hukuianzishia. Kabla ya yote:

```
hostname; whoami; uptime -s; date
```

`hostname` inakutajia seva, `whoami` inakutajia akaunti uliyoingilia. `uptime -s` ndiyo ninayoipenda zaidi: inaonyesha tarehe na saa seva ilipowashwa mara ya mwisho. Kama ulianzisha kazi jana jioni na seva imewashwa leo alfajiri, acha kutafuta prosesi. Haipo. Nenda moja kwa moja hatua ya 4.

`date` nayo usiiruke. Seva nyingi huwekwa saa za UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu), na wengi wameshajikuta wakiapa kwamba logi (faili ambamo kazi huandika ilipofikia) imesimama saa tatu zilizopita, kumbe mstari wa mwisho umeandikwa dakika hii.

## Hatua ya 2: Itafute prosesi

Wengi huanza na `jobs`, na hapo ndipo presha inapopanda. `jobs` inaorodhesha kazi zilizoanzishwa na sheli uliyomo (programu inayopokea amri zako, si ile ya kujazia mafuta) na hiyo peke yake. Ukitoka na kuingia tena umepewa sheli mpya isiyojua lolote kuhusu ya jana. Kimya cha `jobs` hakimaanishi kazi imekufa.

Tumia hii:

```
pgrep -af hamisha
```

`-f` inatafuta kwenye amri nzima badala ya jina fupi la programu, na `-a` inakuandikia amri hiyo mbele ya namba ya prosesi. Umuhimu wa `-f` utauona skripti yako ikiwa ya Python: jina fupi ni `python3`, na kwenye seva moja zinaweza kuwepo ishirini.

Kuna mtego hapa, hasa ukituma amri kwa ssh bila kuingia. Ukiandika

```
ssh seva1 'cd /data; pgrep -af hamisha.sh; ls'
```

unaweza kupata jibu hata kama kazi imekufa zamani. Sababu ni kwamba upande wa pili imefunguliwa sheli ya kutekeleza maneno yako, na maneno hayo yana neno `hamisha.sh` ndani yake. `pgrep` haijihesabu yenyewe, ila sheli iliyoizaa inaihesabu. Kwa `ps aux | grep hamisha` ni hivyohivyo, `grep` inajikamata yenyewe. Dawa ni ya zamani na bado inatibu: weka herufi ya kwanza kwenye mabano ya mraba.

```
ssh seva1 'cd /data; pgrep -af "[h]amisha.sh"; ls'
```

Mabano yanasomeka kama "herufi h", kwa hiyo prosesi halisi inapatikana, lakini maandishi `[h]amisha.sh` yenyewe hayalingani na kinachotafutwa.

Kama uliianzisha ndani ya tmux au screen, kuna njia fupi zaidi: `tmux ls` au `screen -ls`. Ukiona kipindi chako, rudi ndani kwa `tmux attach -t jina` au `screen -r jina`. Na kama unataka kuchungulia tu bila kuingia:

```
tmux capture-pane -p -t hamisha | tail -n 20
```

Amri hiyo inachapisha kilichopo kwenye kioo cha tmux sasa hivi. Kwa kazi za kukagua kwa simu ukiwa safarini hii ni nzuri sana, maana huna haja ya kuhangaika na Ctrl+b kwenye kibodi ya kioo.

Ukikuta tmux yenyewe imetoweka na seva haijawashwa upya, shuku mpangilio wa `KillUserProcesses` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`. Ukiwa `yes`, mfumo unafagia prosesi zote za mtumiaji anapotoka, tmux ikiwemo. Ruhusa ya kubaki huombwa kwa `loginctl enable-linger`, na tmux yenyewe ianzishwe kwa `systemd-run --user --scope tmux`.

## Hatua ya 3: Je, inasonga?

Hapa ndipo nilipojikwaa, na ndipo nitakapokaa zaidi. Chukua namba uliyoipata (tuseme 18422) uulize:

```
ps -o pid,stat,etime,time,cmd -p 18422
```

Yangu ya asubuhi ile, pamoja na mtoto wake (prosesi iliyoanzishwa nayo), ilikuwa hivi:

```
    PID STAT     ELAPSED     TIME CMD
  18422 T       08:41:17 00:00:00 /bin/bash ./hamisha.sh
  18430 T       08:41:12 00:00:00 cp -i /zamani/2019/risiti.db /mpya/2019/
```

Kila kitu nilichohitaji kilikuwa kwenye mistari hiyo miwili. ELAPSED ni muda uliopita tangu prosesi izaliwe: saa nane na dakika arobaini. TIME ni muda ambao prosesa (CPU) imeifanyia kazi kweli: sifuri. Pengo kama hilo halimaanishi lazima kuna tatizo, kwa sababu programu inayosubiri mtandao au diski haili prosesa. Lakini saa nane bila hata sekunde moja ni dalili ya kukufanya ukae vizuri kwenye kiti.

Herufi ya STAT inamalizia maelezo. `R` inafanya kazi kwenye prosesa au iko foleni kusubiri zamu. `S` imelala ikingoja kitu: jibu la hifadhidata, data kutoka mtandaoni, au mtoto wake amalize. Usiogope S. Skripti ya bash inayoita amri nyingine huonekana S karibu muda wote, kwa sababu anayetoka jasho ni mtoto. Mtazame kwa `pstree -p 18422`, kisha mkague yeye.

`D` ni usingizi usiokatizwa, mara nyingi unaotokana na diski au hifadhi ya mtandaoni kama NFS. Ukiona D kwa sekunde mbili tatu ni kawaida. Ikidumu dakika kumi, tatizo haliko kwenye programu yako, liko chini yake, na hata `kill -9` haitafua dafu mpaka diski au mtandao ujibu. Prosesi za D huhesabiwa pia kwenye wastani wa mzigo unaoonyeshwa na `uptime`, ndiyo maana unaweza kukuta mzigo wa 30 kwenye seva ambayo prosesa zake zimekaa bure.

`Z` imeshakufa, imebaki jina tu kwenye orodha ikisubiri mzazi wake achukue taarifa ya kifo. Haina cha kuuliwa. Mtafute mzazi.

Na `T` ndiyo yangu: imesimamishwa. Hutokea ukibonyeza Ctrl+Z ukasahau kuandika `bg` (endelea chinichini). Hutokea pia kwa njia ya kimyakimya zaidi: prosesi iliyo chinichini ikijaribu kusoma kutoka kwenye kibodi, kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) huitumia ishara ya kuisimamisha, kwa kuwa haina haki ya kibodi wakati huo. Kwenye skripti yangu nilikuwa nimeacha `cp -i`, ile inayouliza kabla ya kufunika faili. Ilikuta faili lenye jina hilo, ikauliza, ikajaribu kusoma jibu langu, ikasimamishwa. Swali lenyewe lilikwenda kwenye logi, kwa sababu matokeo yote nilikuwa nimeyaelekeza huko:

```
$ tail -n 1 hamisha.log
cp: overwrite '/mpya/2019/risiti.db'?
```

Nilirudi ndani ya tmux, nikaandika `fg` (rudi mbele), nikachapa `y` kwa upofu kwa kuwa swali halikuonekana kwenye kioo, na kazi ikaondoka.

Sasa tuseme herufi ni S au R na bado una shaka. Panda ngazi hizi, kuanzia rahisi.

Tazama logi ikiandikwa: `tail -F hamisha.log`. Herufi F iwe kubwa. Ile ndogo inashikilia faili uliloanza nalo. Logi ikizungushwa usiku na faili jipya kufunguliwa, wewe utabaki unatazama la zamani lisilosogea tena na kudhani kazi imekwama. F kubwa inafuata jina, siyo faili.

Logi ikiwa tupu, usihukumu haraka. Programu nyingi zikigundua kwamba haziandikii terminali hukusanya maandishi kwanza na kuyamwaga kwa mafungu. Python ni mashuhuri kwa hili: skripti inaweza kwenda nusu saa na faili la logi likabaki na baiti sifuri. Safari nyingine ianzishe kwa `python3 -u`, au weka `PYTHONUNBUFFERED=1`. Safari hii, angalia kwingine.

Kwingine ni `/proc`. Kerneli inaweka hesabu ya kila prosesi:

```
sudo cat /proc/18430/io; sleep 10; sudo cat /proc/18430/io
```

Linganisha `read_bytes` na `write_bytes` za mara ya kwanza na ya pili. Zikiongezeka, inasoma na kuandika diski. Zikiwa palepale, tazama `rchar` na `wchar`, ambazo zinahesabu pia yale yasiyogusa diski moja kwa moja. Kisha tazama imefungua mafaili gani:

```
sudo ls -l /proc/18430/fd
```

Hapo unaona kwa macho imeshika faili gani sasa hivi. Ukirudia baada ya dakika moja na jina limebadilika, inasonga, hata kama logi imenuna. Kwa kazi za kunakili, naona hii inashinda hata kutazama folda ya mwisho, hasa kwa `rsync`, ambayo kwa kawaida huandika kwanza faili la muda lenye jina linaloanza na nukta na kulipa jina lake halisi likishakamilika. `ls` ya kawaida haikuonyeshi faili hilo; tumia `ls -la`.

Ngazi ya mwisho ni `strace`:

```
sudo strace -f -p 18430
```

Inakuonyesha kila ombi ambalo programu inampelekea kerneli. Mistari ikimiminika, kuna uhai, ingawa mistari ileile ikijirudia bila kikomo ni duara linalozunguka bure. Ikisimama kwenye mstari mmoja, usome huo. `read(0,` inamaanisha inangoja mtu aandike kitu. `connect(` inamaanisha inabisha hodi mahali na hakuna anayefungua. `wait4(` inamaanisha inasubiri mtoto. Ctrl+C inaiachia programu bila kuiua. Usiiache strace ikining'inia kwenye prosesi ya kazi nzito lakini, inaipunguza kasi sana.

Na kabla hujalaumu chochote, `df -h` na `df -i`. Ya kwanza ni nafasi ya diski, ya pili ni idadi ya mafaili inayoruhusiwa. Diski yenye nafasi tele inaweza kukataa faili jipya kwa sababu ya hiyo ya pili, na ujumbe wa kosa unafanana kabisa.

Onyo moja. `dd` ukiitumia ishara ya USR1 (`kill -USR1 namba`) inakuandikia ilipofikia. Ni kitu kizuri, na kuna watu wakikijua wanataka kukijaribu kwa kila programu. Programu isiyojiandaa kwa ishara hiyo inakufa papo hapo.

## Hatua ya 4: Haipo. Iliondokaje?

Kutokuwepo kwa prosesi kuna maana tatu: imemaliza vizuri, imeshindwa, au imeuliwa. Kila programu inapoondoka huacha namba. Sifuri ni salama, nyingine yoyote ina habari. Shida ni kwamba namba hiyo anapewa mzazi peke yake, na mzazi akiwa ni sheli uliyoifunga jana, imepotea naye. Ndiyo maana kuiandika mahali ni jambo la kufanya mapema, na nitalionyesha chini.

Ukiwa nayo, namba chache zinakutosha kwa siku nyingi. 127 ni amri haikupatikana, mara nyingi njia imekosewa. 126 imepatikana ila haina ruhusa ya kuendeshwa. 124 hutolewa na amri ya `timeout` muda ukiisha. Zilizo juu ya 128 huwa ni 128 ukijumlisha namba ya ishara iliyoiua: 130 ni Ctrl+C, 143 ni `kill` ya kawaida, 137 ni `kill -9`.

Ukiona 137 na hakuna binadamu aliyeua, mshukiwa wa kwanza ni kerneli yenyewe. Kumbukumbu ya seva ikiisha, inachagua prosesi ya kutoa sadaka, na kwa kawaida ni ile inayokula kumbukumbu nyingi, yaani kazi yako. Programu haipati nafasi ya kuandika neno lolote kwenye logi yake, kwa hiyo logi inakatika katikati ya sentensi. Ushahidi uko huku:

```
sudo dmesg -T | grep -i 'killed process'
```

au, kama seva imeshawashwa upya na kumbukumbu za mfumo zinahifadhiwa, `sudo journalctl -k -b -1 | grep -i 'killed process'`. Utaona jina la prosesi, namba yake, na kiasi cha kumbukumbu ilichokuwa nacho.

Sababu nyingine ya kawaida ni ndogo mpaka inaudhi: kazi ilianzishwa bila kinga, mtandao wako ukakatika, terminali ikafa, na kila kilichoning'inia kwake kikapokea ishara namba 1, HUP. Jina hilo lilitoka enzi terminali zilipounganishwa kwa laini za simu. Lina maana ya kukata simu. Intaneti inayokatika-katika inafanya jambo lilelile leo.

Kazi zilizo kwenye kontena za Docker, `docker ps -a` inakuonyesha namba bila jasho: `Exited (137)` na muda uliopita. `docker logs --tail 50 jina` inamalizia.

## Kazi zilizo chini ya systemd na cron

systemd ni msimamizi wa huduma za Linux, na cron huanzisha kazi kwa ratiba. Huku ukaguzi ni mwepesi kwa sababu kuna anayetunza habari kwa niaba yako.

```
systemctl status hamisha
journalctl -u hamisha --since "2 hours ago"
systemctl --failed
```

Kwenye `status`, watu husoma neno la kijani `active (running)` na kuondoka. Soma pia muda ulio mbele yake. Huduma inayoanguka na kuinuliwa kila sekunde tano utaikuta `active` karibu kila ukichungulia, lakini muda wake hautavuka sekunde tano. Hesabu ya mara ilizoinuliwa:

```
systemctl show hamisha -p NRestarts
```

Kazi ya mara moja unaweza kuipa systemd bila kuandika faili lolote la mipangilio: `sudo systemd-run --unit=hamisha /data/hamisha.sh`. Ikimaliza salama, jina lake linafutika, na `systemctl status` itakuambia haijui kitu kama hicho. Wa mara ya kwanza hushtuka. `journalctl -u hamisha` bado inayo historia yote. Na ukitaka jina libaki, ongeza `--remain-after-exit`.

Cron ni ya kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Logi yake (`/var/log/syslog` kwenye Ubuntu na Debian za zamani, `journalctl -u cron` kwenye Debian 12 na kuendelea, `/var/log/cron` kwenye familia ya Red Hat) inathibitisha kwamba kazi ilianzishwa. Basi. Kama ilifeli sekunde ya pili, huko hutaona. Kila mstari wa crontab (orodha ya kazi za cron) uupe logi yake, na uweke `flock -n`, inayozuia nakala ya pili kuanza, mbele kama kuna hatari ya kazi ya saa hii kuanza kabla ya ile ya saa iliyopita kuisha:

```
0 * * * * flock -n /var/tmp/bekapu.lock /data/bekapu.sh >> /data/bekapu.log 2>&1
```

## Hatua ya 5: Ianzishe ukijua utaikagua

Tangu usiku ule, kazi yoyote ya zaidi ya dakika kumi naivalisha koti hili. Faili linaitwa `endesha.sh`:

```
#!/bin/bash
cd /data || exit 1
echo $$ > hamisha.pid
echo "INAENDELEA tangu $(date -Is)" > hamisha.hali
./hamisha.sh > hamisha.log 2>&1 < /dev/null
namba=$?
echo "IMEISHA namba=$namba $(date -Is)" > hamisha.hali
```

Halafu:

```
nohup ./endesha.sh > /dev/null 2>&1 < /dev/null &
```

`nohup` inaikinga na ile ishara ya kukata simu. `< /dev/null` ndiyo dawa ya ugonjwa wangu: chochote kitakachothubutu kuuliza swali kitapata kimya papo hapo na kuendelea au kufeli waziwazi, badala ya kukaa kikisubiri mtu aliyelala. Ukiianzisha kwa ssh bila kuingia, maelekezo hayo matatu ni ya lazima, la sivyo ssh yenyewe inagoma kukuachia terminali.

Faili la `hamisha.hali` ni la kusomwa pamoja na namba ya prosesi, kwa sababu moja peke yake inaweza kukudanganya. Likisema IMEISHA na namba 0, nenda kahakiki data. Likisema INAENDELEA na prosesi ipo, rudi hatua ya 3. Likisema INAENDELEA na prosesi haipo, koti lenyewe liliuliwa kabla ya kuandika mstari wa mwisho: kwa mfano seva iliwashwa upya au kuna aliyepiga `kill`. Ukiangalia namba, soma na amri yake, kwa sababu namba za prosesi huzunguka na kutumika tena, na 18422 ya leo inaweza kuwa mtu mwingine kabisa:

```
ssh seva1 'cat /data/hamisha.hali; ps -o pid,stat,etime,time,cmd -p $(cat /data/hamisha.pid)'
```

Alama za nukuu ziwe moja-moja. Ukiweka mbili-mbili, `$(cat ...)` inatekelezwa kwenye kompyuta yako kabla ya kusafiri, na utakuwa unasoma faili ambalo huna.

Seva zikiwa nyingi:

```
for s in seva1 seva2 seva3; do
  printf '%s: ' "$s"
  ssh -o BatchMode=yes -o ConnectTimeout=5 "$s" 'cat /data/hamisha.hali' || echo "namba $?"
done
```

`BatchMode` inazuia ssh kukuomba nywila na kusimamisha mzunguko wote, kwa hiyo funguo ziwe zimeshapangwa. `ConnectTimeout` inaipa kila seva sekunde tano za kufungua mlango. Ukiandika mzunguko wa `while read` unaosoma majina kutoka kwenye faili, ongeza `ssh -n`, vinginevyo ssh ya kwanza itameza majina yote yaliyobaki na utapata jibu la seva moja tu.

Namba inayotoka mwishoni nayo ina maana mbili za kutenganisha. 255 inatoka kwa ssh yenyewe: haikufika, au ilifukuzwa mlangoni, na hujajua lolote kuhusu kazi yako. Nyingine zote zimetoka upande wa pili, kwa amri uliyoituma. Hapa 1 maana yake ni kwamba `cat` imefika salama na haikuweza kulisoma faili la hali, mara nyingi kwa sababu kwenye seva hiyo hukuwahi kuianzisha.